Kiunganishi kinasema RUNNING, lakini nyaraka 46,356 hazionekani Cosmos DB: zimekwenda wapi?

#1 Mkondo_Tulivu

Wakuu, salamu.

Nina kiunganishi cha Kafka Connect (chombo kinachohamisha jumbe kati ya Kafka, mfumo wa kupitisha jumbe, na hifadhidata) kinachosoma topiki moja, yaani mkondo wa jumbe, iitwayo vipimo na kuandika kwenye kontena, yaani mkusanyiko wa nyaraka, la hifadhidata ya Azure Cosmos DB. Haya ni mazingira ya majaribio. Tulimimina jumbe za siku tatu, kisha tukazima programu inayoandika, kwa hiyo hakuna kinachoongezeka tena, na topiki yenyewe imewekewa retention.ms=-1 ili isifute chochote. Nikijumlisha ofseti (namba za nafasi za jumbe) za mwisho za patisheni (mafungu ya topiki) zote sita, ambazo zote zilianzia sifuri, napata 2,418,306. Nikihesabu nyaraka ndani ya kontena napata 2,371,950. Pengo ni 46,356.

Kiunganishi kinasema RUNNING, taski (vitengo vyake vya kazi) zote nane zinasema RUNNING, kundi la wasomaji halina deni la ujumbe hata mmoja, na logi haina mstari wowote wa kosa. Sehemu ya usanidi ni hii:

connector.class = com.azure.cosmos.kafka.connect.sink.CosmosDBSinkConnector
topics = vipimo
tasks.max = 8
key.converter = org.apache.kafka.connect.storage.StringConverter
value.converter = org.apache.kafka.connect.json.JsonConverter
value.converter.schemas.enable = false
errors.tolerance = all
connect.cosmos.containers.topicmap = vipimo#vipimo
connect.cosmos.master.key = [imeondolewa na msimamizi]

Id ya waraka inachukuliwa ndani ya ujumbe wenyewe. Dai langu ni kwamba jumbe hupotea pale hifadhidata inapobana kasi, na kiunganishi hakisemi kitu. Kuna aliyekutana na hali hii?

#2 Mlinzi_Zamu

Kabla ya yote, ndugu, ufunguo mkuu wa akaunti ulikuwa umeuanika hapo juu kwa dakika kumi na moja. Nimeufuta, lakini uuhesabu kuwa umeshaibiwa. Akaunti ya Cosmos DB ina funguo mbili za kusoma na kuandika, wa msingi na wa akiba, kwa hiyo hamishia kiunganishi kwenye wa akiba kisha uzalishe upya ule wa msingi, na huduma haitasimama.

#3 Mkondo_Tulivu

Nimeubadilisha. Asante, na aibu nimeipata.

#4 fundi_bomba

Jibu liko kwenye usanidi wako, mstari wa errors.tolerance. Ukiandika all, umeiambia Connect kwamba ujumbe ukishindwa kugeuzwa iuruke na iendelee na safari. Thamani ya kawaida ni none, ambayo huiangusha taski ujumbe mbovu unapotokea, na watu huikimbia kwa sababu inawaamsha usiku. Halafu hukuweka errors.log.enable, ambayo kwa kawaida ni false, na ndiyo maana logi yako ni safi. Logi safi katika hali hiyo inathibitisha tu kwamba uliagiza kimya.

Weka errors.deadletterqueue.topic.name ili jumbe zilizokataliwa ziende kwenye topiki yake, na uwashe errors.deadletterqueue.context.headers.enable ili kila ujumbe ubebe sababu ya kukataliwa kwake. Mambo haya yapo tangu Kafka 2.0 ya mwaka 2018, hakuna kisingizio.

#5 BintiHesabu

Naomba nipingane na fundi_bomba kidogo. Jumbe mbovu elfu arobaini na sita kwenye data inayotoka kwenye programu moja ni nyingi mno. Mimi naitazama id. Umesema inachukuliwa ndani ya ujumbe. Kiunganishi hiki kwa kawaida huandika kwa namna ya kuongeza au kubadilisha, yaani waraka ukija na id ileile ndani ya patisheni ileile ya kimantiki (fungu la nyaraka zenye ufunguo mmoja wa patisheni ndani ya Cosmos DB), ule wa zamani unafunikwa na mpya, na hilo halihesabiwi kuwa kosa mahali popote. Je, una uhakika kwamba id hizo hazijirudii? Kama id ni namba ya kifaa ikiunganishwa na sekunde, basi kifaa kikituma vipimo viwili ndani ya sekunde moja unabaki na kimoja.

#6 Mkondo_Tulivu

BintiHesabu, id ni namba ya kifaa, kistari, na muhuri wa saa. Muhuri uko kwa sekunde. Nimeanza kuhofu.

#7 Mzee_wa_Ofseti

Nyote mnatafuta mwizi kabla ya kuhesabu mali. Nani amewaambia kwamba ofseti ya mwisho kutoa ofseti ya kwanza ni idadi ya jumbe? Ofseti ni namba ya nafasi, na si kila nafasi ina ujumbe wa mtumiaji. Programu inayoandika ikitumia miamala (jumbe kadhaa zinazothibitishwa au kubatilishwa kwa pamoja), kila muamala unapofungwa huacha alama ya udhibiti katika kila patisheni ulioigusa, na alama hiyo hula ofseti moja ingawa hakuna msomaji anayepewa. Topiki ikiwa na cleanup.policy=compact, ndiyo kabisa: jumbe za zamani za ufunguo uleule huondolewa na ofseti zao zinabaki mashimo. Hesabu kwa kusoma, usihesabu kwa kutoa.

#8 fundi_bomba

Na miamala iliyobatilishwa je? Hizo nazo hazifiki kwenye hifadhidata, kwa hiyo pengo linakuwa kubwa zaidi.

#9 Mzee_wa_Ofseti

Hapana, mkuu, hapo umeteleza. Msomaji wa Kafka kwa kawaida yuko kwenye isolation.level=read_uncommitted, na kiunganishi kinachosoma hurithi hilohilo usipolibadilisha. Jumbe za muamala uliobatilishwa anazisoma na kuziandika kama nyingine. Ukitaka zisifike, lazima uweke read_committed wewe mwenyewe. Kwa hiyo zinaweza kukuletea nyaraka za ziada, haziwezi kukupunguzia.

#10 fundi_bomba

Nakubali. Nimelichanganya na mazingira yetu ambako read_committed iliwekwa zamani na mtu aliyekwisha kuondoka.

#11 nusu_waraka

Mimi nadhani ni ukubwa. Cosmos DB haipokei waraka unaozidi MB 2. Jumbe kubwa zinakataliwa, errors.tolerance inazifunika, mchezo umekwisha.

#12 Mlinzi_Zamu

nusu_waraka, jina lako linakusaliti. Kafka yenyewe kwa kawaida haipokei kundi la jumbe linalozidi takriban MB 1, isipokuwa uongeze max.message.bytes. Ujumbe wa MB 2 ungefia mlangoni, haungefika kwenye kiunganishi.

#13 nusu_waraka

Kikomo hicho hupimwa baada ya kubanwa. Ujumbe wa JSON wa MB 3 ukibanwa vizuri unaweza kupita.

#14 Mlinzi_Zamu

Kwenye seva, ndiyo. Lakini upande wa anayeandika kuna max.request.size, nayo humpima ujumbe kabla hajabanwa, na thamani yake ya kawaida ni MB 1 vilevile. Ni lazima mtu awe ameigusa kwa makusudi. Hoja yako ingekuwa na nguvu kama angekuwa anaandika DynamoDB, ambako kikomo cha kipengee ni KB 400: hapo ujumbe halali kabisa wa Kafka unakataliwa mwisho wa safari. MongoDB ndiyo yenye kifua kipana, MB 16.

#15 Mkondo_Tulivu

Jumbe zetu hazifiki hata KB 2. Hilo tuliweke pembeni.

#16 SautiYaLogi

Nirudi kwenye dai la #1, maana limeachwa njiani. Hifadhidata inapobana kasi haipotezi kitu. Inarudisha jibu la 429, yaani maombi yamezidi, pamoja na muda wa kusubiri, na maktaba ya mteja hujaribu tena, kwa kawaida hadi mara 9. Tatizo huanza majaribio yakiisha, au yakichukua muda mrefu kuliko max.poll.interval.ms, ambayo ni dakika 5. Hapo Kafka humwona msomaji kuwa amekufa, humtoa kwenye kundi, patisheni zake hupewa taski nyingine, nayo huanza kusoma kutoka kwenye ofseti ya mwisho iliyothibitishwa. Matokeo yake ni kurudia, na kwa mtu anayefunika id ileile, kurudia hakuonekani.

Niliwahi kuhangaika wiki nzima na 429 huku grafu ikionyesha kwamba tunatumia moja ya tano tu ya uwezo tuliolipia. Tulikuwa na RU (vipimo vya uwezo wa Cosmos DB) 10,000 kwa sekunde zilizogawanywa sawa kwenye patisheni tano za kimwili za Cosmos DB, yaani 2,000 kila moja, na ufunguo wa patisheni tuliouchagua ulikuwa tarehe. Siku nzima dunia yote iliandika kwenye patisheni moja, nyingine nne zikiota jua. Nilipofungua grafu kwa kila patisheni niliona mstari mmoja umegonga dari na minne imelala sakafuni, na hakuna usanidi wa kiunganishi ambao ungetuokoa. Tulihama kontena, tukaweka namba ya kifaa kuwa ufunguo. Mkondo_Tulivu, ufunguo wako wa patisheni ni upi?

#17 Mkondo_Tulivu

Namba ya kifaa. Vifaa ni maelfu kadhaa, na grafu yangu haina 429 nyingi.

#18 Kigeuzi

Jambo dogo la pembeni: taski nane kwa patisheni sita ni mapambo. Patisheni moja husomwa na taski moja tu ndani ya kundi, kwa hiyo mbili kati ya nane zimekaa bure, nazo zinasema RUNNING kwa kujiamini kuliko zile zinazofanya kazi.

#19 nusu_waraka

Basi aongeze patisheni za topiki ziwe nane.

#20 Kigeuzi

Akiongeza, ufunguo ambao jana ulienda patisheni ya 2 unaweza leo kwenda ya 6, na mpangilio wa jumbe za kifaa kimoja unavunjika kwenye mpaka huo. Kwa mtu anayefunika waraka wa zamani kwa mpya, ujumbe wa zamani ukichelewa unaweza kuufunika mpya. Apunguze taski, ni rahisi zaidi.

#21 Mkondo_Tulivu

Wakuu, nimefanya jaribio. Nimeunda kiunganishi cha pili chenye jina jipya, kinachoandika kwenye kontena jipya, na safari hii id inatengenezwa kwa KafkaMetadataStrategy, yaani jina la topiki, patisheni na ofseti. Nimeweka pia topiki ya jumbe zilizokataliwa. Ilinigomea mwanzoni kwa sababu kwa kawaida huundwa na nakala 3 na mimi nina seva moja ya Kafka, hadi nilipoweka errors.deadletterqueue.topic.replication.factor=1.

Matokeo: kontena jipya lina nyaraka 2,409,118. Topiki ya waliokataliwa ina jumbe 1,912, na vichwa vyake karibu vyote vinalalamikia JSON iliyokatika katikati. Jumla ni 2,411,030. Bado zinakosekana 7,276.

#22 fundi_bomba

1,912. Nilisema zipo.

#23 BintiHesabu

Ulisema ndizo jibu, mkuu. Kati ya kontena la zamani na jipya kuna tofauti ya nyaraka 37,168, na kilichobadilika ni id. Hizo ndizo zilizofunikwa. Naona kesi yangu imesimama.

#24 Mlinzi_Zamu

Kilichobadilika si id peke yake, kontena nalo ni jipya. Mkondo_Tulivu, kontena la zamani lina mpangilio wa muda wa kuishi wa nyaraka?

#25 Mkondo_Tulivu

Umewashwa, lakini umewekwa -1, yaani nyaraka haziishiwi na muda. Kontena jipya sikuuwasha kabisa.

#26 Mlinzi_Zamu

Hapo ndipo nilipotaka ufike. Thamani -1 maana yake ni kwamba waraka haufi *isipokuwa wenyewe ubebe sehemu iitwayo ttl*. Ukiwa nayo, Cosmos DB huisoma kuwa sekunde za kuishi tangu waraka ulipobadilishwa mara ya mwisho. Mpangilio ukiwa umezimwa kabisa, sehemu hiyo ni data ya kawaida na haifanyi kitu. Sasa niambie kama vifaa vyenu havitumi sehemu yenye jina hilo. Vifaa vya mtandao hupenda kutuma ttl ya pakiti, 64 au 128. Waraka kama huo ungeishi dakika moja au mbili, na muda ukifika hauonekani tena kwenye hoja yoyote, hata kama haujafutwa kwenye diski.

#27 Mkondo_Tulivu

Mlinzi_Zamu, nimeshika kichwa. Baadhi ya vifaa vinatuma. Nimehesabu kwenye kontena jipya kwa IS_DEFINED(c.ttl), nimepata 21,540. Kwenye kontena la zamani, sifuri.

#28 BintiHesabu

Sifuri hiyo ni ushahidi mzito, sibishi. Lakini 37,168 kutoa 21,540 ni 15,628, na hizo bado ni zangu.

#29 SautiYaLogi

Kutoa huko si halali, dada. Waraka wenye ttl unaweza pia kuwa na id inayojirudia. Mfano, vipimo viwili vya kifaa kimoja ndani ya sekunde ileile, cha kwanza hakina ttl na cha pili kinayo: cha pili kinakifunika cha kwanza, kisha kinakufa, na umepoteza viwili kwa sababu mbili tofauti. Ukigeuza mpangilio, cha kwanza kina ttl na cha pili hakina, aliyekufa hayupo kwa sababu alishafunikwa. Makundi hayo mawili yanaingiliana, na 15,628 haimaanishi chochote mpaka mtu ahesabu jozi za id na ufunguo wa patisheni zinazojirudia, moja baada ya nyingine.

#30 BintiHesabu

Na ahesabu, basi. Mimi sina haraka.

#31 Mzee_wa_Ofseti

Zile 7,276 je? Umesoma topiki kama nilivyokuagiza kwenye #7?

#32 Mkondo_Tulivu

Nimesoma kwa kafka-console-consumer tangu mwanzo na kuhesabu mistari. Nimepata 2,413,502. Na ndiyo, programu inayoandika inatumia miamala. Mimi sikujua, aliyeiandika ndiye amenithibitishia.

#33 Mzee_wa_Ofseti

Kwa hiyo ofseti 4,804 ni alama za miamala, na hazikuwahi kuwa ujumbe. Zimebaki 2,472 ambazo msomaji anaziona na hazipo kwenye kontena wala kwenye waliokataliwa.

#34 Kigeuzi

Hizo ni jumbe zenye thamani tupu, zile zinazotumwa kama kaburi la ufunguo, yaani ishara ya kuufuta. Chombo hicho cha mstari wa amri huzichapisha kama neno null, mstari mzima, kwa hiyo umezihesabu. Viunganishi havifanani katika kuzishughulikia: vingine hufuta waraka wenye ufunguo huo, vingine huruka, vingine huanguka. Cha MongoDB kwa mfano kina delete.on.null.values, ambayo kwa kawaida ni false. Chuja mistari yenye null tupu uone idadi.

#35 nusu_waraka

Au ni mistari tu. JSON ikiwa imepangwa kwa mistari mingi, ujumbe mmoja unahesabiwa kama mistari kumi. Alihesabu mistari, hakuhesabu jumbe.

#36 Mzee_wa_Ofseti

Hii nakuunga mkono, na inaniumiza kusema hivyo, kwa sababu ikiwa kweli basi hata 4,804 zangu si sahihi. Jumbe zitakuwa chache kuliko mistari, na alama za miamala zitakuwa nyingi zaidi.

#37 fundi_bomba

Kuna njia ya tatu. Topiki ya waliokataliwa hupokea kwa uhakika makosa ya kugeuza na ya mabadiliko yanayofanywa kabla ya kuandika. Makosa yanayotokea wakati wa kuandika kwenyewe yanaripotiwa huko pale tu kiunganishi kinapotumia njia iliyoletwa na Kafka 2.6. Tunaangalia tundu moja la bomba na kudhani bomba lote ni zima. Mkondo_Tulivu, Connect yako ni toleo gani?

#38 Mkondo_Tulivu

Ni 2.8, lakini kiunganishi nilikipakua zamani, na sijui kama kinaitumia njia hiyo. Nimechuja null kama alivyosema Kigeuzi: ziko 1,987.

#39 Kigeuzi

Karibu.

#40 Mzee_wa_Ofseti

"Karibu" si namba. Zimebaki 485.

#41 SautiYaLogi

Wakati mnaendelea kutafuta, niseme jambo kuhusu KafkaMetadataStrategy, maana naona ameipenda. Ni nzuri kwa kurudia, kwa kuwa ujumbe uleule ukisomwa mara mbili unapata id ileile na haujirudufu. Lakini siku mtakapoifuta topiki na kuiunda upya kwa jina lilelile, ofseti zinaanza sifuri, na kwa kifaa kilekile ujumbe mpya wa ofseti ya 15 unaweza kuufunika ule wa zamani wa ofseti ya 15. Tulilipata hilo baada ya mtu "kusafisha" mazingira mwisho wa wiki, na hakuna aliyeligundua hadi ripoti ya mwezi ilipoanza kupungua badala ya kuongezeka.

#42 BintiHesabu

Kwa hiyo tumerudi kwenye kufunikana. Nimeandika hilo kwenye #5.

#43 Mkondo_Tulivu

Wakuu, nimewasha errors.log.enable na nimeomba programu inayoandika ibadilishe muhuri wa saa uwe wa milisekunde. Sehemu ya ttl tutaibadilisha jina kwa ReplaceField kabla haijafika kwenye hifadhidata. Kuhusu 485, nasoma upya kwa kcat, chombo kingine cha kusoma Kafka, nikichapisha patisheni na ofseti peke yake, ujumbe mmoja mstari mmoja, kisha nitalinganisha na id za kontena jipya. Patisheni ya 0 imekwisha na haina pengo hata moja. Nimeanza ya 1.

#44 Mzee_wa_Ofseti

Anza na ya 5. Pengo hupenda patisheni ya mwisho.

#45 Kigeuzi

Mzee, hilo nalo umelitoa wapi?

#46 Mzee_wa_Ofseti

Kwenye umri.